Faulo Ambayo Sikuiona

Jumatano, 13 Juni 1956

Baridi! Nyeri ya mwezi wa sita si mchezo. Mlima haujaonekana tangu Jumapili — ukungu tu, na manyunyu yanayokataa kuwa mvua. Nduku amemaliza kunifumia soksi. Moja ndefu, moja fupi. Amecheka mpaka akashika tumbo, akasema hata aliye ndani anacheka. Miezi saba sasa. Tumengoja miaka tisa, kwa hiyo kila mke wangu akishika tumbo mimi husimama, hata kama nakula.

Tumechora uwanja kwa majivu. Ubao wa upande wa jikoni ulikuwa umelegea, wanafunzi wameupigilia misumari. Jumamosi polisi wanakuja! Mchezo huu wa kikapu niliuleta mimi hapa chuoni. Niliujua wakati wa vita, kule India, kwa Wamarekani weusi waliokuwa wakicheza nyuma ya hospitali ya jeshi. Hakuna mwingine hapa anayezijua sheria. Kwa hiyo timu ni yangu, na refa ni mimi. Haifai, najua. Koplo Khisa, kapteni wa polisi, amesema yeye hana shaka. Mwalimu, wewe Mkamba, mimi Mluhya, vijana wako Wakikuyu — wewe uko katikati kabisa. Tukacheka.

Mutahi alibaki nyuma kukusanya ndoo za majivu. Huyu ndiye mrefu wetu, namba saba. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwalimu, wanamwachilia baba." Alichukuliwa kizuizini mwaka wa hamsini na tatu. Lori litamshusha Kangema Jumamosi ya tarehe thelathini. Lakini chifu wa kwao amesema lazima awepo mwanamume mzima wa nyumba hiyo amdhamini, asipokuwepo, mzee atarudishwa kambini. Na nyumbani karibu na Kiriaini kumebaki mama yake Watiri na wasichana tu. Mwanamume ni Mutahi peke yake.

Pasi ya safari, ambayo bila hiyo Mkikuyu hatoki wilayani siku hizi, ameshapata. Amenionyesha — ameifunga ndani ya leso safi kama picha ya harusi.

"Alipochukuliwa nilikuwa namfikia hapa," akashika bega. "Sasa ni mimi nitainama."


Jumamosi, 16 Juni

Tumeshindwa. Ishirini na moja kwa ishirini.

Niandike vizuri. Watu walijaa pande zote. Askari wasiocheza walikaa kwenye nyasi, bunduki magotini — siku hizi hawaziachi hata wakija kutazama mpira. Mchezo ulikuwa mtamu! Imebaki dakika moja, sisi ishirini, wao kumi na tisa. Mpira ukagonga ringi ukarudi juu. Wakaruka watatu: Khisa, Mutahi, na konstebo Oloo, yule mkubwa mwenye mgongo kama mlango. Mimi nilikuwa nyuma ya Oloo. Nikasikia kishindo. Khisa chini. Damu imemjaa jichoni. Mutahi amesimama juu yake, mkono bado uko hewani.

Kwenye nyasi askari mmoja akainuka na bunduki yake.

Sikumbuki kupuliza filimbi. Najua tu kwamba niliisikia. Nikamnyooshea Mutahi kidole: namba saba, kiwiko, makusudi, toka nje!

Akaniangalia. "Mwalimu, si mimi." Mara moja tu, polepole. Nikanyoosha kidole tena. Akatoka.

Khisa hakuweza kutupa, jicho limefumba. Oloo akatupa badala yake mitupo miwili ya adhabu. Yote ikaingia. Basi.

Inspekta wao, yule Mzungu kijana, alikuja kunishika mkono. Ati refa mwenye msimamo. Akauliza jina la namba saba, akaliandika kwenye kijitabu chake. Nami nikamtajia herufi moja moja.


Jumapili, 17 Juni

Kanisani sikusikia mahubiri.

Nimeandika kwenye daftari la mchezo: "Kiwiko, kwa makusudi." Mwandiko wangu mzuri kabisa. Lakini niliona nini? Niliona mgongo wa Oloo. Niliona damu. Niliona mkono wa Mutahi hewani. Vitu vitatu. Kiwiko sikukiona. Kiwiko nilikiongeza mimi.

Kwa nini? Kwa sababu ya yule askari aliyeinuka. Nilidhani nikinyoosha kidole haraka, hakuna mwingine atakayenyoosha kitu kingine. Labda ilikuwa huruma. Labda ilikuwa woga tu, nao umevaa koti la huruma.

Nduku ameuliza mbona sili. Nimesema meno.


Jumatatu, 18 Juni

Mkuu wa Chuo ameniita ofisini. Mzee mpole, Mwingereza, anapenda maua. Amenipa barua nisome. Imetoka kwa Inspekta. Mwanafunzi Mutahi amempiga koplo wa polisi mbele ya watu, "kwa ushahidi wa refa". Pasi yake ya safari imefutwa. Mwezi ujao huenda akahojiwa.

Ushahidi wa refa! Hilo neno langu moja la filimbi, sasa limepigwa taipu.

Nimemkuta Mutahi shambani akipalilia viazi vya chuo. Leso ilikuwa mfukoni, imekunjwa, haina kitu. Akasimama kwa heshima, jembe mkononi.

"Mwalimu, nikuulize tu. Uliniona kweli?"

Nikamjibu, "Refa huamua kwa alichoona."

Jibu gani hilo? Hata si ndiyo, hata si hapana. Akasema asante, Mwalimu, akainama tena kwenye viazi vyake. Afadhali angenitukana.


Jumatano, 20 Juni

Khisa amekuja kututembelea jioni mapema, kabla ya saa ya kafyu. Ameshonwa nyuzi sita juu ya jicho. Nduku akamwekea chai na viazi vitamu, akamgusa ile nyusi kama anamgusa mdogo wake, akasema pole baba. Khisa akanywa chai yote kabla ya kusema lililomleta.

"Mwalimu, ilikuwa kichwa ya Oloo."

Wameruka pamoja, paji la uso la Oloo limempata kwenye nyusi. Hakuna aliyekusudia. Mutahi mkono wake ulikuwa juu kwa sababu alikuwa akiufuata mpira! Khisa mwenyewe hakuona, damu ilimfumba. Ni Oloo aliyemwambia jana. Amevimba paji, anashusha kofia mpaka kwenye nyusi ili watu wasione.

Nikauliza mbona Oloo hakusema palepale. Khisa akaangalia kikombe.

"Ulikuwa umeshanyoosha kidole. Yeye ni nani akukatalie? Halafu akaitwa kutupa, akatupa, ikaingia, watu wakambeba. Inspekta amemwahidi tepe ya ukoplo. Na saa hii, Mwalimu, polisi gani atasimama aseme Mkikuyu hana makosa na ni mimi niliyepasua mwenzangu? Anaogopa. Hata mimi naogopa kidogo."

"Na wewe utasema?"

"Mimi nitasema nimeambiwa. Aliyeandika ni wewe."

Alipoondoka, Nduku alisogeza kiti chake karibu na changu, akaweka miguu yangu yenye baridi mapajani mwake.


Alhamisi, 21 Juni

Sikwenda kwa Inspekta. Nilikuwa na vipindi.

Uongo. Nilikuwa na saa mbili za bure.

Jioni mazoezi, mwaka wa kwanza kwa mwaka wa pili. Nimefanya jambo la aibu, naliandika ili lisinitoroke. Mutahi alikuwa anaenda na mpira, mtoto wa watu mmoja akapita karibu naye, hakumgusa hata shati. Nikapuliza! Faulo, mitupo miwili kwa Mutahi. Nilijiambia ninamrudishia kidogo.

Wote wakasimama wakanitazama. Wanajua mchezo sasa, niliwafundisha mimi. Mutahi akaenda kwenye mstari. Akashika mpira kwa mikono miwili, akautupa kando ya ubao, mbali kabisa, kwenye kabeji za jikoni. Nikampa wa pili. Akautupa hukohuko.

Halafu akaja akanirudishia mpira mkononi, kwa upole. "Mwalimu, ile haikuwa faulo."


Ijumaa, 22 Juni

Nimemwambia Nduku yote. Ya Jumamosi, ya barua, ya kabeji. Alikuwa anachambua maharagwe. Hakuacha kuchambua.

Akasema, "Umemvua mtu koti, sasa unampa kofia ya jirani. Mrudishie koti lake."

Nikamwambia Inspekta anaweza kusema nimetishwa na watu wa msituni, au mimi mwenyewe ni wao. Walimu wamefukuzwa kwa madogo kuliko hayo. Na mtoto anakuja mwezi wa nane, na nyumba hii ni ya chuo.

Akatoa jiwe dogo kwenye maharagwe, akaliweka mezani.

"Naogopa, Kioko. Usidhani siogopi." Kisha akanishika sikio, kama anavyofanya tukiwa peke yetu. "Lakini huyu akizaliwa ataniuliza baba yake alikuwa mtu gani, na mimi ndiye nitakayejibu. Sitaki kutafuta maneno."


Jumamosi, 23 Juni

Nimekwenda.

Kaptura ya kaki, tai, viatu vimepigwa rangi. Inspekta alinipokea vizuri, akadhani nimekuja kupanga mchezo wa marudiano. Nikabaki nimesimama. Nikamwambia: Bwana, Jumamosi iliyopita nilikosa. Sikuona kiwiko. Niliandika nisichokiona. Mutahi hakumpiga mtu.

Akaweka kalamu chini. Akauliza nani amenituma. Hakuna. Nani amenitisha? Hakuna, Bwana. Sasa yeye akaanza kunifundisha kazi yangu: ati refa habadilishi uamuzi wake. Akifanya hivyo leo, kesho nani atamheshimu? Ama ulisema uongo siku ile au unasema uongo leo. Chagua.

Nilikuwa nimelifikiria hilo njiani. Nikasema, "Siku ile sikusema uongo, Bwana. Nilikosa. Leo nikinyamaza, hapo ndipo nitakuwa nimesema uongo."

Nikamwambia pia sitaki alama zirudishwe. Polisi wameshinda, na wabaki wameshinda. Refa akianza kurudisha vikapu vya wiki iliyopita hakuna mchezo utakaokwisha. Lakini jina la mtu si kikapu.

Akauliza, basi nani aliyempiga koplo wangu?

Hapo nilikwama. Kichwa cha Oloo sikukiona pia! Nimeambiwa. Nikitaja jina lake nitakuwa ninanyoosha kidole mara ya pili kwa kitu ambacho sikukiona. Nikasema, "Sikuona, Bwana. Naweza kusema tu nilichokosa mimi."

Akacheka kidogo, si kwa furaha. Akasema niandike yote hayo, niweke sahihi, yeye ataipeleka karatasi juu kwa D.O., afisa wa wilaya, pamoja na maoni yake. Maoni yake! Nikaandika hapohapo. Mkono ulitulia. Ajabu — Jumamosi ile ulitulia pia.


Jumapili, 24 Juni

Baada ya sala ya asubuhi nilimwomba Mkuu ruhusa ya kusema na wanafunzi. Alisita. Akasema wakati mwingine mambo yakiachwa hupoa yenyewe. Nikamwambia haya hayatapoa kabla ya tarehe thelathini. Akatazama maua yake dirishani, akaniambia endelea.

Vijana themanini na wawili. Nimesema kwa ufupi, maana nilijua sauti haitanifikisha mbali. Kwamba nilimtoa Mutahi kwa kosa ambalo sikuliona. Kwamba niliogopa bunduki nikaita woga huo sheria. Kwamba Alhamisi nilitoa faulo ya uongo kumfurahisha, na hilo lilikuwa kosa la pili. Kwamba mchezo ujao nitaomba refa wa pili asimame upande wa pili, kwa sababu mtu mmoja hawezi kuona nyuma ya mgongo. Halafu nikamgeukia. "Mutahi, nisamehe."

Mwalimu haombi msamaha kwa mwanafunzi. Niliwaona wakiangaliana. Mmoja nyuma akaanza kucheka, akanyamazishwa na wenzake.

Mutahi alisimama. Alikuja mpaka mbele, njia yote ile kati ya mabenchi, akanipa mkono. Kisha akaona haijatosha, akashika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akainamisha kichwa. Yeye mrefu vile! Nikatoka nje nikajifanya naangalia mvua.

Jioni alikuja nyumbani na kuni alizozipasua mwenyewe, akamwekea Nduku mlangoni. Akakaribishwa ugali. Wakati wa kula akasema jambo ambalo hakuwahi kusema: kwamba hajui kama atamtambua baba yake usoni, watu hutoka kule wamebadilika. Lakini atamtambua kwa mwendo. Mzee hutupa mguu wa kushoto kidogo, kama anaruka mtaro.

Nduku akamwuliza, "Na yeye atakutambuaje?"

Akafikiria. "Sijui, mama. Labda nitapiga ile mluzi ya kuita mbuzi."


Jumanne, 26 Juni

Hakuna jibu. Jana hakuna, leo hakuna.

Khisa nimekutana naye sokoni. Amesema ameandika barua yake mwenyewe, kwamba yeye ndiye aliyepasuliwa na hana malalamiko na Mutahi. Inspekta ameipokea bila kumwangalia. Oloo je? Haongei. Hali na wenzake. Kofia mpaka kwenye nyusi. Nikamwambia Khisa asimlazimishe. Mimi ninajua siku tatu za kutokwenda zinakaaje tumboni.

Usiwe mgumu kwake, nikasema. Khisa akashangaa. "Mwalimu, ni wewe unamtetea?"

Ndiyo. Ni nani aliyemziba mdomo kwa kidole?


Alhamisi, 28 Juni

Ujumbe! Kesho saa nne asubuhi, ofisi ya D.O., mimi na Mutahi. Hakuna maelezo. Mkuu hajui kama ni heri au ni shari. Nduku amepiga pasi shati langu mara mbili.


Ijumaa, 29 Juni

Naandikia magotini, kwenye benchi nje ya ofisi. Tuliambiwa saa nne, sasa inakaribia saa sita. Basi la Kiriaini na Kangema linaondoka saa saba, na baada ya hapo hakuna lingine mpaka kesho jioni. Kesho jioni lori litakuwa limeshapita.

Mutahi yuko kando yangu. Amebeba mzigo mdogo: blanketi, mkate, shati la mzee alilolihifadhi miaka mitatu. Amevaa tai ya kuazima, fundo limekaa upande. Nimemfungulia nikamfunga upya. Alitulia kama mtoto anayenyolewa. Akauliza, "Mwalimu, wakikataa?" Nikamwambia tutakuwa wawili tumekaa hapa. Si jibu, lakini ni kweli. Akaitikia kwa kichwa, bega lake likabaki limegusa langu.

Tumezungumza mambo ya bure. Kwamba mkate utakauka. Kwamba mtoto wangu akiwa msichana acheze pia. Ukungu umepanda kidogo. Ndani, sauti ya Inspekta, kisha nyingine nzito ambayo siijui. Wanasoma kitu. Nimesikia neno "refa" mara mbili.

Khisa amefika, amesimama kwenye ngazi, kofia kwapani. Amesema ameomba ruhusa ya saa moja. Hakukaa.

Saa sita na robo. Kule stendi nasikia basi linapashwa moto.

Kuna mtu mwingine amepanda ngazi. Oloo! Sare kamili, vifungo vinang'aa. Kichwa wazi. Paji lina alama ya kijani na manjano, bado nene, kila mtu anaweza kuiona kutoka barabarani. Hakutusalimu. Amekaa mwisho wa benchi na benchi limelia. Anapumua kama mtu aliyepanda kilima mbio. Mutahi amemwangalia, kisha akasogeza mzigo wake apate nafasi.

Mlango umefunguka. Karani, ameshika karatasi yangu — naujua mwandiko wangu hata kwa mbali. Anatutazama mmoja mmoja kwenye benchi. Anauliza, "Mwenye kosa ni nani hapa? Bwana anataka yeye kwanza."

Nimeanza kuinuka. Oloo amenitangulia, amekwisha simama, na mkono wake mkubwa uko begani kwangu, sijui ananizuia au anajishikilia, na karani anauliza tena, ni nani kati yenu, na sisi wote wawili tunasema, "Ni mimi."